Ombi lako linahakikiwa: tafuta namba kabla ya kubonyeza tena

*Swali: Nina steshenari ndogo Nkuhungu, hapa Dodoma. Wateja wangu wengi ni vijana wanaoomba mkopo wa chuo, wanaoomba ajira serikalini, na wanaohakiki vyeti vya kuzaliwa. Kila siku nakutana na maneno haya: "Tafadhali subiri, ombi lako linahakikiwa." Mara yanapita kwa sekunde, mara duara linazunguka mpaka mteja anakata tamaa, na mara ombi linakaa hivyo wiki nzima. Kuna aliyekatwa hela kwenye simu, mfumo ukasema hajalipa, akaniambia nimekula hela yake. Ni nini hasa kinafanyika kule nyuma? Nirudie kutuma au nisubiri?*

Dada yangu, nianze na swali lako la mwisho, maana ndilo linaloumiza mfuko wa mteja. Kabla hujarudia chochote, tafuta namba ya ombi. Kama mfumo umeshakupa namba, iwe kwenye skrini, kwenye barua pepe au kwa ujumbe wa simu, basi ombi lipo, na kulituma upya ni kujitafutia matatizo. Kama hujapewa namba, huenda ombi halijafika popote, na hapo ipo namna ya kuangalia kwanza. Karibu yote nitakayokueleza yanatoka kwenye namba hiyo.

Maneno "linahakikiwa" yanatumika kwa kazi tatu zisizofanana kabisa. Upo ukaguzi wa sekunde, ambao haumjui mteja wako wala cheti chake. Unakagua kompyuta yako tu. Upo wa dakika, pale mifumo inapoulizana yenyewe kwa yenyewe kuhusu kitambulisho na malipo. Halafu upo wa siku, ambao mara nyingi una mtu amekaa ofisini anasoma kile ulichopakia. Mteja aliyesimama mbele ya kaunta yako anaona maneno yaleyale kwenye zote tatu, lakini cha kufanya ni tofauti.

Ule wa sekunde hutokea kabla hata ukurasa haujafunguka. Ukiandika anwani ya tovuti, kivinjari kinaitafuta seva yake, yaani kompyuta inayoitunza tovuti hiyo, kisha kinafungua nayo mazungumzo yaliyofichwa kwa siri. Ndiyo ile alama ya kufuli. Watu wengi hudhani kuchelewa kunatokana na umbali, kwamba sisi tuko Dodoma na seva ziko Dar es Salaam. Sivyo. Mwanga ndani ya nyaya za faiba hukimbia takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kilomita 450 hivi za kutoka hapa hadi Dar ni milisekunde 2 au 3. Hata njia ikizunguka mara kumi ya hapo, bado ni muda wa kufumba na kufumbua.

Kinachochelewesha ni ngao. Tovuti zinazopokea watu wengi huwekwa nyuma ya ngao ya kuzuia roboti, yaani programu zinazorusha maelfu ya maombi ya uongo ili kuiangusha seva au kubahatisha nywila za watu. Ngao haikupi ukurasa moja kwa moja. Inakutumia kwanza kiprogramu kidogo, kivinjari chako kinakiendesha bila wewe kuona, na majibu yanarudi: kivinjari hiki ni toleo gani, kinaweza kufanya hesabu fulani, kinakubali kuhifadhi vidakuzi (vijifaili vya kumbukumbu ambavyo tovuti huviacha), anwani hii ya intaneti imekuwa na mwenendo gani siku za karibuni. Ikiridhika inaacha kidakuzi cha ruhusa kwenye kompyuta yako, na kwa muda fulani haitakuuliza tena. Isiporidhika inakuletea picha uchague zenye taa za barabarani, au inakuacha unazunguka tu.

Steshenari zinateseka hapa bila kosa lolote, na inaniuma kwa sababu marekebisho yake ni rahisi. Chukua suala la anwani. Anwani za aina ya zamani, zinazoitwa IPv4, ni kama bilioni 4.3 kwa dunia nzima, na zimeshakuwa chache. Kampuni za simu zinalazimika kuweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Ukitumia bando la simu au modemu, seva inaweza kukuona wewe na mamia ya watu usiowajua kama mtu mmoja anayebonyeza bila kupumzika, ikaingiwa na shaka. Ukiwa na VPN ya bure, yaani programu inayopitisha mawasiliano yako kwenye anwani ya mtu mwingine, shaka inazidi, maana anwani zake zinapitiwa na kila mtu, wakiwemo wahalifu. Izime unapofanya kazi za wateja.

Halafu kuna umri wa kompyuta yenyewe. Bado naona Windows 7 kwenye steshenari nyingi za mjini kwetu. Chrome iliacha kuihudumia mwanzoni mwa 2023, na toleo la 109 ndilo la mwisho lililoikubali. Ngao za kisasa zinakitazama kivinjari cha namna hiyo kwa wasiwasi, na kiprogramu kinachotumwa kinaweza kushindwa kukimbia vizuri, kwa hiyo duara linazunguka mpaka jioni. Ukipata uwezo wa kubadilisha mashine moja tu, hiyo moja iwe ya maombi, za zamani zibaki za kuchapa barua na kutoa kopi.

Na kabla ya yote, tazama saa. Washa kompyuta asubuhi, angalia kona ya chini kulia. Ikikuambia ni mwaka 2010, betri ndogo ya duara iliyo kwenye ubao mama, ile yenye maandishi CR2032, imekufa. Kila tovuti salama ina cheti chake cha kielektroniki chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kompyuta inayoamini bado iko 2010 inakiona cheti cha leo kuwa hakijaanza kutumika, inakikataa, inakuandikia kwamba mawasiliano si salama. Mteja anasema mtandao unasumbua, wewe unanunua bando jingine, kumbe tatizo ni kibetri ambacho fundi anakibadilisha kwa dakika chache.

Ukitaka kujua kama shida iko kwako au kwao, fungua ukurasa uleule kwa simu ya mteja, kwa bando lake mwenyewe. Ukifunguka huko, tatizo liko kwenye mashine yako au kwenye anwani yako. Usipofunguka popote, subirini.

Sasa umeingia, fomu imejazwa, umebonyeza "Tuma". Kwa kawaida seva inapokea, inakagua kama kila sehemu imejazwa sawasawa, inaandika ombi kwenye kanzidata, ndipo inatoa namba. Ukibonyeza mara mbili, yanaondoka maombi mawili. Mfumo uliojengwa kwa uangalifu unaipa kila fomu alama yake ya siri, ili ombi la pili lenye alama ileile litupwe. Si mifumo yote ina uangalifu huo, na kwa kutazama tu huwezi kuutofautisha wenye alama na usio nayo. Kwa hiyo bonyeza mara moja, ondoa mkono kwenye kipanya.

Skrini ikikuletea namba za makosa, zisome, zinasema mengi. 503 maana yake seva imelemewa au imefungwa kwa matengenezo; mara nyingi ombi lako halikupokelewa. 429 maana yake umebisha hodi mara nyingi mno kwa muda mfupi. Ondoka kwa dakika kadhaa, usiendelee kubonyeza. Inayowatega watu ni 504. Hiyo inasema kwamba seva ya mbele imechoka kungoja jibu kutoka kwa seva ya nyuma. Haisemi kwamba ya nyuma imeshindwa. Inawezekana kabisa kwamba wakati wewe unasoma 504, kule ndani ombi limeshaandikwa na namba imeshatoka, ila hakukuwa na njia ya kukuletea. Ukituma tena, umetengeneza la pili. Ukiiona 504, fungua dirisha jipya, ingia kwenye akaunti ya mteja, tazama orodha ya maombi yake, kisha tazama barua pepe hadi kwenye folda ya taka. Ukikuta patupu baada ya dakika kumi, kumi na tano hivi, ndipo urudie.

Wakati huohuo mfumo unaweza kuwa unauliza mfumo mwingine. Namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, ina tarakimu 20, na 8 za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa: mwaka, mwezi, siku. Unapoiandika, mwombe mteja akusomee hizo 8 kwa sauti huku wewe unatazama cheti chake cha kuzaliwa. Zikipishana, acha kwanza, maana ombi litakwama huko mbele na wewe utalaumiwa. Jambo jingine ni majina. Kwetu huku kijana anaitwa Ndahani kwenye cheti cha kuzaliwa, mwalimu akamwandika Ndahan shuleni, halafu kwenye kitambulisho likaongezwa jina la babu ambalo halipo kwingine. Kwa macho ya binadamu ni mtu mmoja. Programu inalinganisha herufi kwa herufi, nayo inaona watu watatu. Hilo halirekebishwi kwa kuandika fomu upya. Linarekebishwa kwa kiapo au hati ya kisheria ya jina, kwa utaratibu ambao taasisi husika imeuweka, na linachukua muda. Mwambie mteja siku hiyohiyo, usimpe tumaini la bure.

Kuhusu ule msimbo wa tarakimu chache unaokuja kwa ujumbe wa simu: ukichelewa, vuta subira kidogo. Ukiomba mwingine, mara nyingi ule wa kwanza unakufa hapohapo. Kisha unaingia ule wa kwanza uliochelewa, mnauandika, unakataliwa, mnaomba wa tatu. Nimeona watu wakifungiwa akaunti kwa mchezo huo.

Tuje kwenye hela, maana hapo ndipo jina lako linapochafuka. Malipo ya taasisi za umma yanapita kwenye mfumo wa serikali wa malipo ya kielektroniki, GePG, ulioanza kutumika 2017. Unapofika hatua ya kulipa, mfumo wa taasisi hautengenezi wenyewe ile kontroo namba. Unatuma ankara GePG. GePG inajibu kwamba imeipokea. Kisha, kwa ujumbe mwingine tofauti, inarudisha zile tarakimu 12 zinazoanza na 99. Ndiyo maana wakati mwingine unaandikiwa "namba ya malipo inatengenezwa" na nafasi inabaki wazi. Funga ukurasa, rudi baada ya muda, utaikuta imekaa. Usianzishe ombi jipya ili upate namba haraka.

Mteja akiiandika namba hiyo kwenye simu, kampuni ya simu au benki inauliza GePG: ankara hii ipo, ni ya nani, ni shilingi ngapi? Jina na kiasi vinavyotokea kabla ya kuweka namba ya siri vimetoka huko. Avisome. Jina likiwa la mtu mwingine, asitishe. Akithibitisha, hela inakatwa, taarifa inakwenda GePG, nayo inaupelekea taarifa mfumo wa taasisi. Hesabu hatua: simu, GePG, taasisi. Hela inaweza kuwa imekatwa kwenye hatua ya kwanza huku taarifa ikiwa bado haijapokelewa kwenye ya tatu, labda kwa sababu seva ya taasisi ilikuwa imelemewa dakika ile. Skrini yako inasoma hatua ya tatu tu. Ndiyo maana inasema hajalipa.

Hela hiyo haijapotea, na haijaliwa na mtu. Taarifa zilizokwama hurushwa tena, na zaidi ya hapo pande hizi hulinganisha hesabu zao, miamala iliyopokelewa upande mmoja na isiyoonekana upande mwingine ikatafutwa. Kwa hiyo mara nyingi malipo yaliyokwama jioni yanaonekana kesho yake bila mtu kugusa kitu. Kosa kubwa ni kutoa kontroo namba ya pili na kulipa tena kwa hofu. Sasa kuna ankara mbili zilizolipwa, zote halali, na kurudishiwa ya pili ni safari ya barua na siku nyingi. Mteja wako atunze ujumbe wa simu wenye namba ya muamala na kontroo namba. Akifuta ujumbe ule kwa kupunguza nafasi kwenye simu, amefuta ushahidi wake.

Kwa hiyo yule aliyekuambia umekula hela yake, mwonyeshe hatua hizo tatu kwenye karatasi. Mtu akiona hela yake iko wapi hasira inashuka. Na kuanzia sasa, mlipaji awe yeye, kwa simu yake, kila inapowezekana. Ukimlipia kwa laini yako, ushahidi wote uko kwako na yeye hana kitu mkononi. Hapo hata ukiwa mwaminifu namna gani utaonekana mwizi.

Ombi likishapata namba na malipo yakaonekana, linaingia kwenye subira ya tatu, ya siku. Mfano unaoujua ni uhakiki wa cheti cha kuzaliwa. Mwombaji wa mkopo wa elimu ya juu anatakiwa cheti chake kiwe kimehakikiwa na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo uliopo tangu 2006, na ombi linapita kwenye mfumo wao wa eRITA. Kuhakiki maana yake ni kutafuta kama namba iliyo kwenye kile cheti ina ingizo linalolingana kwenye kumbukumbu za usajili: jina lilelile, tarehe ileile, wazazi walewale, wilaya ileile. Cheti ambacho kumbukumbu zake ziko kwenye kompyuta kinapatikana upesi. Cheti cha zamani kilichoandikwa kwa mkono huko Mpwapwa au Kondoa kinaweza kuhitaji mtu afungue daftari na kutafuta mstari. Hakuna kitufe utakachobonyeza wewe Nkuhungu kikamfanya afisa yule asome haraka zaidi.

Lakini unaweza kumrahisishia, na hii ndiyo sehemu ya kazi yako ninayoiheshimu kuliko zote. Chukua cheti, kikunjue vizuri, futa kioo cha skana, na hakikisha kona zote nne zinaonekana. Namba ya ingizo mara nyingi iko pembeni kabisa, na pembeni ndiko kunakokatwa. Kama unapiga picha kwa simu, ipige nje kwenye mwanga usio wa jua kali, simu ikiwa sambamba na karatasi. Kivuli cha mkono kikipita juu ya tarakimu, 3 inageuka 8. Kisha fungua faili lile, likuze, usome namba mwenyewe. Usipoweza kuisoma wewe uliyeshika cheti halisi, afisa hataiweza. Wengi wanalibana faili mpaka maandishi yanakuwa ukungu, wakihofia kiwango cha ukubwa kilichowekwa. Skani kwa rangi ya kijivu badala ya rangi kamili, faili litapungua bila herufi kuharibika.

Kila siku mbili tatu mteja aingie kuangalia hali ya ombi, maana kuna hali moja inayopitwa sana: ombi kurudishwa kwa marekebisho. Mtu anadhani bado linahakikiwa, kumbe afisa alishalisoma, akaona cheti hakisomeki, akalirudisha na maelezo, na sasa linamsubiri yeye. Wiki inapita, dirisha la maombi linafungwa.

Hapo lazima niseme jambo ambalo naomba ulibebe kwa uzito. Steshenari nyingi zinatumia barua pepe moja ya duka na namba moja ya simu kwa wateja wote, kwa sababu vijana wengine wanafika hawana barua pepe. Ujumbe wa kurudishwa kwa ombi unakuja kwako, ukiwa umezikwa chini ya ujumbe wa watu wengine mia, na kijana yuko kijijini kwao Chemba hajui lolote. Mfungulie barua pepe yake mwenyewe kwanza, kwenye simu yake, aweke nywila anayoikumbuka yeye. Inachukua muda, na foleni inanung'unika, lakini ni mwaka mzima wa masomo wa mtu. Na mafaili ya vyeti yaliyojaa kwenye kompyuta yako, pamoja na daftari la nywila za watu, yaondoe kazi inapokwisha. Tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na Tume inayoisimamia. Cheti cha kuzaliwa na namba ya NIDA ni taarifa za mtu, nawe unayezishika unawajibika nazo.

Kuhusu muda wa kutuma: siku mbili za mwisho za dirisha lolote la maombi nchi nzima inaingia kwa pamoja, na hapo 503 na 504 zinakuwa chakula cha kila saa. Kama mteja amechelewa na hakuna namna, jaribuni alfajiri.

Na ikiwa muda uliotangazwa na taasisi umepita, ombi lina namba, malipo yameonekana, hakuna marekebisho yaliyoombwa, basi kusubiri kumetosha. Mteja apige simu ya huduma kwa wateja ya taasisi husika au aende ofisini. Hapa Dodoma tuko karibu na nyingi. Sekretarieti ya Ajira, kwa mfano, iko UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma. Abebe namba ya ombi, ujumbe wa malipo, kitambulisho na cheti halisi, na aende yeye mwenyewe, si wewe, kwa sababu taarifa ni zake na ofisi haipaswi kuzijadili na mtu mwingine.